Rafu ya Bibi: Viporo vya vitabu, giza na mbalamwezi

Karibuni tena. Hii ni rafu ya vitabu, si rafu ya mpira. Narudia kila toleo kwa sababu bado zinanifikia barua za watu wanaolalamikia marefa. Safari hii barua nyingi zimekuja na neno moja: viporo. Watu wameanza mifululizo ya riwaya, wakaiacha njiani, na sasa wanataka kuimaliza yote kwa mkupuo. Nimeanza na barua ya mchuuzi wa hapahapa kwetu kwa sababu ameleta hesabu zake, nami mtu mwenye hesabu nampa kiti.

Shikamoo Bibi. Mimi nauza dagaa Kirumba Mwaloni, nina miaka 29. Nina ugonjwa wa kuanza riwaya za fantasia za mfululizo na kutozimaliza. Za Earthsea za Ursula K. Le Guin nimesoma mbili, zimebaki nne. Za George R. R. Martin nimesoma mbili kati ya tano zilizotoka. Binti ya Nnedi Okorafor nimesoma ya kwanza, zimebaki mbili. Halafu nilinunua mtumba juzuu ya tatu ya The Wheel of Time ya Robert Jordan bila kuwa na ya kwanza wala ya pili, kisa jalada lilikuwa zuri. Sasa mwenzangu wa Nyegezi ameniambia mwezi ujao tusome fantasia tupu. Yeye amepanga vitabu 12. Mimi nimepanga tisa, nimalize viporo vyote ukiacha huyo Jordan. Ni kama kitabu kimoja kila siku tatu. Naamka saa kumi usiku, nalala saa tatu. Nipangie ratiba, Bibi. – Mchuuzi, Mwaloni

Marahaba, mjukuu wangu. Kabla ya ratiba nijibu kwanza: mwezi upi? Wa kalenda ya ukutani au huu wa angani?

Nakuuliza kwa sababu wewe si karani. Wewe unaishi kwa giza na mbalamwezi. Mimi nakaa huku juu kwenye mawe ya Kirumba, na usiku wa giza nikifungua dirisha naziona taa za dagaa zimejaa ziwani, utadhani kuna mji mwingine umeota juu ya maji. Nikiziona hivyo najua kesho yake Mwaloni hakukaliki. Magunia yanashushwa, wanunuzi wa kwenda Congo wanabishana bei, na mtu mwenye sado zake hapati hata nafasi ya kunywa chai ikiwa moto. Halafu mwezi unakua, ziwa lote linaangazwa, dagaa hawana sababu tena ya kuifuata taa ya mvuvi. Mitumbwi inavutwa nchi kavu, watu wanashona nyavu na kudaiana. Siku kama kumi hivi. Hizo ndizo siku zako. Ratiba inayokupa kurasa zilezile kila siku, giza kwa mbalamwezi, imetungwa na mtu asiyewajua dagaa.

Hizo tisa zako nazijua. Mwaka niliostaafu kazi ya kuazimisha vitabu, baada ya miaka 27 ya kuwaambia watu warudishe kwa wakati, nilijipangia vitabu kumi kwa mwezi mmoja. Nilichora jedwali kwenye kaunta buku, kwa rula na kalamu mbili, nyekundu na bluu. Nikamaliza vitatu. Cha nne nilikisoma kwa kurukaruka, mstari wa kwanza wa kila aya basi, ili tu niweke alama nyekundu kwenye kisanduku chake. Mpaka leo mtu akinitajia kitabu hicho natikisa kichwa kama nakifahamu. Sikumbuki hata ni nani aliyekufa.

Kwa hiyo tuhesabu vizuri, na tusihesabu vitabu. Kitabu si kipimo. Sado moja ya dagaa waliokaushwa vizuri juu ya kichanja na sado ya waliolowa mvua ni sado zote, lakini wewe mwenyewe hungelipa bei moja. Hesabu kurasa, na hesabu kasi yako. Fanya leo jioni: tega simu dakika 20, soma kama unavyosoma siku zote, ikilia angalia umepiga kurasa ngapi. Rudia kesho ukiwa umechoka, kwa sababu wewe husoma ukiwa umechoka. Mimi kwa Kiingereza hufika kurasa 8, kwa Kiswahili 12. Tuchukue hizo 8 zangu, wewe utabadilisha ukishajipima. Maana yake ni kurasa 24 kwa saa.

Siku za giza usijidanganye. Nusu saa. Siku 19 za nusu saa ni kurasa 228. Siku kumi za mbalamwezi jipe saa mbili kila siku, ni kurasa 480. Jumla 708. Sasa kata moja ya tano, kwa ajili ya msiba, homa ya mtoto, na siku ile mvua inanyesha wakati mzigo uko juani na kila mwenye mikono anakimbia kufunika. Zinabaki kurasa 566. Hiyo ndiyo mali yako ya mwezi mzima, mjukuu wangu. Kitabu cha tatu cha Martin peke yake kinaimeza yote na bado kinakudai.

Tazama ligi. Timu ikirudi kutoka mechi za kimataifa na viporo vinne, hawapangiwi vyote wiki moja, wachezaji watakufa uwanjani. Vinapangwa kimoja kimoja katikati ya ratiba, na kuna kiporo kinachohitajika kwanza kwa sababu kikichezwa tu, msimamo unabadilika. Chako cha namna hiyo ni Binti. Vimebaki viwili, vyote vyembamba, cha 2017 na cha 2018. Ukivimaliza umefunga mfululizo mzima, na utajiona mtu mwingine. Najua kuna wanaosema ile ni hadithi ya sayansi na anga za juu, si fantasia. Mimi niliwahi kugombana na mwenzangu kazini juu ya rafu ya kuiweka, nikashindwa, na bado nina hasira. Msichana wa Kihimba anatoka Namibia na udongo mwekundu mwilini, anakwenda chuo kikuu kilichoko sayari nyingine bila kuaga kwao, na kitu cha kale alichokiokota jangwani kinamwokoa bila yeye kujua ni nini. Weka rafu unayotaka. Halafu mwandishi kampa jina ambalo sisi huku tunaitana kila siku sokoni. Ukisoma Kiingereza halafu ukakutana na "Binti" kila ukurasa, ni kama kuna mtu anakuita kutoka nje.

Basi anza na Binti cha pili siku za giza, nusu saa baada ya kula. Kikivuka na kuingia siku za mbalamwezi, kiache kivuke. Mbalamwezi ikipevuka maliza cha tatu, halafu ingia Earthsea, kitabu cha tatu, kile cha 1972. Kwa matoleo mengi vitatu hivyo vinakaa karibu na bajeti yako. Vitatu, si tisa. Mwenzako wa Nyegezi na 12 zake muache, mtakutana mwisho wa mwezi mwambie akusimulie cha saba.

Sasa Earthsea, maana hapo ndipo ninapotaka kukushika mkono. Cha tatu ukimaliza utatamani kuunganisha cha nne hapohapo. Usiunganishe. Le Guin mwenyewe hakuunganisha. Cha kwanza kilitoka 1968, cha tatu 1972, watu wakadhani mambo yameisha, kumbe cha nne kilikuja 1990, miaka 18 baadaye. Na aliporudi hakurudi na mchawi mkuu anayetembea juu ya mawimbi. Alirudi na Tenar, yule msichana wa makaburini uliyemsoma kwenye cha pili, sasa ni mama mtu mzima, mjane wa mkulima, ana mbuzi na vyombo vya kuosha na mtoto wa kulea ambaye watu walimchoma moto. Yule mchawi tuliyemshangilia vitabu vitatu anafika mlangoni kwake hana uwezo wowote, hajui hata aanze vipi kuwa mtu wa kawaida. Wasomaji wengine walinuna. Walitaka mazimwi yarukayo (yamo, lakini yanasubiri). Mimi nilikisoma nikiwa na miaka arobaini na kitu, nikarudi nyuma nikakisoma tena kabla ya kukirudisha. Mtu anayeamka saa kumi usiku kwenda kupokea mzigo atamwelewa Tenar kuliko profesa yeyote. Kwa hiyo hicho kiwekee mbalamwezi ya mwezi unaofuata, uwe umelala vizuri. Kabla ya kukifungua, soma tena sura mbili za mwisho za kile cha pili ili umkumbuke alitokaje mle ndani.

Na hiyo ndiyo dawa ya viporo vyote. Watu wengi wakiachia njiani wanajilazimisha kuanza upya kitabu cha kwanza, wanachoka palepale walipochokea mara ya kwanza. Usirudi mwanzo. Rudi sura mbili. Chukua daftari dogo, lile la madeni linafaa, ukurasa mmoja kwa kila mfululizo: majina, nani ni nani kwa nani, nani amekufa, nani anadai nini. Wewe unakumbuka mteja aliyekopa gunia tangu Pasaka kwa sababu umemwandika, si kwa sababu una kichwa kikubwa.

Kuna jambo dogo la Earthsea ambalo ungelipenda hata kama huna muda. Mle ndani kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua jina hilo anakiweza kitu chenyewe, kwa hiyo watu huficha majina yao. Bibi yangu mzaa mama hakuwa anatuita kwa majina baada ya jua kuzama. Alikuwa anapiga mluzi. Ukisikia jina lako usiku kutoka nje, hukuitika mpaka uitwe mara ya tatu. Nilipokutana na habari hizo kwenye kitabu cha mama wa Kimarekani nikaona huyu na bibi yangu wangeelewana sana, hasa kwa kuwa kule ni visiwa vitupu na kila mtu anasafiri kwa mashua, kama wewe na watu wako wa Ukerewe.

Martin muache. Si kwamba hafai. Kitabu chake cha tano kilitoka 2011, cha sita hadi naandika haya hakijatoka, kwa hiyo hata ukikimbia, utafika ukae ukingoja. Una muda. Na ukisikia watu wanamtukana kwa kuchelewa, wakumbushe mzee wetu wa Ukerewe, Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980 ikiwa juzuu mbili. Mwaka uliofuata akafariki. Pale aliyesubiri alikuwa mwandishi, si msomaji.

Hiyo juzuu ya tatu ya Jordan uitafutie mtu mwingine wa kuisoma. Vitabu vile ni 14 ukiacha kile cha utangulizi, na katikati pale kuna juzuu ambamo watu wanatembea tu na kuvuta nywele. Mtu hanunui cha tatu kwa sababu ya jalada. Lakini nakuelewa, mimi nilinunua sufuria kwa sababu ya mfuniko.

Zikija siku ambazo Kiingereza kimekukaa kooni, usilazimishe, chukua kitu cha nyumbani. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, palepale Ukerewe unakotoa mzigo, ana vitabu viwili vinavyofuatana, Nagona wa 1990 na Mzingile wa 1991. Ni vyembamba, vinaingia kwenye mfuko wa aproni. Usidanganyike na wembamba wake. Mtu anatembea katika nchi isiyo na ramani akitafuta asichoweza kukitaja, na usipotulia utakiacha ukurasa wa kumi ukimtukana Bibi wa Rafu. Kisome wakati wa alfajiri, ukisubiri boti. Ukungu ukiwa juu ya maji kinaeleweka zaidi, sijui kwa nini.

Bibi, mimi ni mwalimu, nakaa Sengerema, nafundisha upande wa Mwanza siku nne kwa wiki. Miaka yote nilikuwa msomaji wa kivukoni: foleni ya Kigongo na Busisi ndiyo ilikuwa maktaba yangu. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 sijamaliza hata riwaya moja. Nimekwama katikati ya kitabu cha pili cha N. K. Jemisin, ule mfululizo wa nchi inayopasuka kwa matetemeko. Nimebaki na aibu ya kulilaumu daraja. – Abiria

Pole, mwanangu, ingawa sidhani kama kuna wa kukupa pole nyingine mkoa mzima. Mama wajawazito waliokuwa wanasubiri kivuko usiku hawakusoma riwaya. Kilomita 3 za zege, dakika chache, umevuka. Mimi nilipanda makusudi siku za mwanzo, nikakaa dirishani, nikafungua kitabu, nikafunga bila kugeuza ukurasa. Maji yalikuwa mazuri mno.

Zamani uliondoka nyumbani saa ngapi? Endelea kuondoka saa hiyohiyo. Dakika 40 ulizokuwa unampa kivuko zipo palepale, wewe ndiye umezilaza kitandani au umezipa simu. Ukifika Mwanza shuka, tafuta benchi, mwambie mama wa chai na chapati kwamba wewe ni mteja wa kila siku na usisemeshwe. Siku nne kwa wiki, utaona kitabu kinasogea.

Na huyo Jemisin usirudi mwanzo. Nyuma ya kila kitabu kuna orodha ya maneno ya nchi ile na orodha ya majanga yaliyoipata, wengi hawaifungui. Ifungue, isome yote, robo saa tu, kila kitu kitakurudia. Kuna sehemu mwandishi anamwita mhusika "wewe", wewe unafanya hivi, wewe unakwenda pale, na watu wengi hukwama hapo kwa sababu wanajiuliza ni nani anayesema. Vumilia. Anayesema yupo, ana sababu yake. Vitabu vile vitatu vilipata tuzo ya Hugo ya riwaya bora ya fantasia na sayansi miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, jambo ambalo hakuna mwandishi aliyewahi kulifanya kabla yake, na cha pili ndicho watu wengi hukiachia. Ukikivuka hicho, cha tatu utakimaliza hata bila kivuko.

Shikamoo Bibi. Kijana wangu ana miaka 13, likizo inakuja, anataka asome fantasia mwezi mzima kama wenzake. Wifi yangu amesema vitabu vya wachawi vitamvuta mtoto kwenye mambo ya giza, na kwamba huku kwetu uchawi si hadithi. Mume wangu amekaa kimya, nami nimekosa la kusema. – Mama wa Igoma

Marahaba, mwanangu. Wifi yako nusu yuko sahihi, na nusu hiyo usiidharau. Huku Kanda ya Ziwa uchawi umeua watu. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, hasa kuanzia miaka ile ya 2007 na 2008, kwa sababu mganga mmoja alimwambia mtu mmoja atatajirika. Kwa hiyo anayekuambia "ni hadithi tu" kama vile tunaishi London, huyo ndiye asiyejua anakoishi.

Sasa nikupe mfano mgumu badala ya mrahisi. Kuna mfululizo wa Nnedi Okorafor, huyohuyo wa Binti, unaoanza na Akata Witch wa 2011, ukaendelea 2017 na 2022. Msichana wa miaka kumi na mbili huko Nigeria, jina lake Sunny, ana ualbino, anapenda mpira lakini jua linamzuia kucheza mchana. Anagundua kwamba ni mtu wa jamii ya siri yenye nguvu za ajabu, na yeye na wenzake watatu wanamkabili mtu anayeteka watoto. Mle ndani ujuzi unathaminiwa kuliko kitu chochote. Ukijifunza jambo jipya, hela zinakudondokea kutoka juu, chubwi. Kijana wako ataipenda sana hiyo hela.

Ila ualbino wa Sunny mle ndani unahusishwa na kipaji chake. Mtoto wa Lagos atasoma apite. Mtoto wa Igoma aliyesikia maneno ya mtaani kwamba watu hawa "si watu wa kawaida" anaweza kulisoma hilo vibaya. Hapo ndipo unapokaa naye. Muulize: huyo anayeteka watoto kwenye kitabu anatafuta nini, na tofauti yake na Sunny ni nini? Msubiri ajibu mwenyewe. Mimi nilimuuliza mjukuu wangu swali hilo, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Huyu anataka vya watu, Sunny anataka kujua." Nilimpa soda. Wakati mwingine akaniuliza kama yule kaka anayeuza vocha pale stendi, mwenye kofia pana, naye huchekwa akicheza mpira. Hatukuwa tumewahi kumzungumzia kabla ya hapo.

Ukiona hilo bado zito, na wifi yako yuko nyumbani likizo nzima, anza na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya 1952. Mtu anawapiga viboko manyani wawili kila usiku huku analia, na mfalme anataka kujua kwa nini. Humo kuna jini, kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kuna kaka wawili wenye wivu. Wifi yako alikisoma shuleni au alisoma kinachofanana nacho, hawezi kukikataa. Kiswahili chake kina maneno ya zamani, kwa hiyo msomee kurasa za mwanzo kwa sauti, baada ya hapo atakunyang'anya.

Na umuulize wifi, kwa upole, kama yeye alipokuwa mdogo hakusimuliwa Shing'weng'we. Zimwi lililomeza watu wote na ng'ombe wao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito, akamzaa Masala Kulangwa, na mtoto huyo alipokua akalitafuta zimwi, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka mmoja mmoja wakiwa hai. Wasukuma tumelelewa na hiyo. Akisema hajasimuliwa, basi mwache amsimulie kijana ile anayoijua yeye. Hakuna shangazi asiyekuwa nayo.

Bibi, wewe unatupangia tu. Kiporo chako ni kipi? – Msomaji, Buzuruga

Hilo swali limekaa mezani wiki tatu.

Ni Jordan huyohuyo niliyemcheka mchuuzi. Mzee alifariki 2007 hajamaliza, Brandon Sanderson akaandika vitatu vya mwisho kutokana na kumbukumbu alizoziacha, na cha 14 kikatoka 2013. Mimi nimesoma 13. Ndiyo, na zile ambazo watu wanatembea tu, nimezisoma zote, na pale wanapovuta nywele nimevuta nao. Cha mwisho nilikinunua, nikakifunika kwa karatasi ya kaki kama daftari la shule, nikasoma kurasa 40. Dada yangu wa Bukoba akaja kusalimia, akakiona, akasema anakiazima wiki mbili. Huu ni mwaka wa nane. Nikimpigia anasema anakaribia kumaliza. Mwezi uliopita nikamuuliza imefika wapi vita ya mwisho, akaniuliza, "Vita gani?"

Mbalamwezi ijayo nakata tiketi ya meli ya usiku. Nitabisha hodi kwake asubuhi, kabla hajapata nafasi ya kukificha.